Kukata kona kwa ubao wa theluji ukiwa na buti laini: vipimo, ubao na mazoezi

Ukitaka kujua kama umekata kona au umeiburuza, usimuulize aliyekuwa akikutazama. Simama pembeni ya mteremko, geuka nyuma, angalia alama uliyoiacha. Kona iliyokatwa huacha mstari mmoja mwembamba uliozama kwenye theluji, kwa sababu mkia wa ubao umepita palepale ilipopita pua. Kona iliyoburuzwa huacha eneo pana lililofagiwa, na theluji iliyorundikana upande wa chini.

Maelezo haya yanamfaa mtu anayeshuka mteremko wa bluu, yaani ule mpole, bila kuanguka na anayejua kugeuka pande zote mbili, ila kila kona yake inaishia kuparuza. Watu wa aina hii huambiwa wakaze miguu, wainame zaidi, waache woga. Ushauri huo huja mapema mno. Kwa mwenye buti laini, kinachozuia kona kwanza ni vipimo: urefu wa soli, upana wa ubao na pembe ya miguu. Vikikosewa hivyo, buti hugusa theluji kabla makali, yaani kingo za chuma za ubao, hayajafanya kazi yake, na ufundi wote unakuwa bure. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nyumbani, kwa rula na bisibisi.

Washindani wa parallel giant slalom, mbio za ubao wa theluji za wawili wawili kati ya milingoti, kwenye Olimpiki huvaa buti ngumu za plastiki na kusimama juu ya ubao mwembamba, miguu ikielekea karibu kabisa na mbele. Kwao buti haichungulii nje. Buti laini zina raha zake: unatembea nazo bila taabu, kifundo kinacheza, na ubao uleule utakupeleka kwenye theluji nzito ya msituni au kwenye vilima vya kurukia. Gharama yake ni kwamba mguu hukaa karibu na kukingama ubao, vidole upande huu na kisigino upande ule, na ncha zote mbili hutafuta theluji.

Rula kabla ya duka

Namba ya kiatu haitoshi. Buti mbili za namba moja kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana kwa zaidi ya sentimita moja kwa nje. Weka kisigino cha buti ukutani, simamisha kitabu kigumu mbele ya ncha yake, kisha pima kutoka ukutani hadi kitabuni. Tuchukulie umepata sentimita 30.

Mguu ukigeuzwa kuelekea pua ya ubao, nafasi unayochukua kwa upana hupungua. Zidisha urefu wa soli kwa kosaini ya pembe. Kwa soli ya sentimita 30, nyuzi 15 zinakupa 29, nyuzi 21 zinakupa 28, nyuzi 30 zinakupa 26, na nyuzi 40 zinakupa 23.

Sasa upana wa ubao. Kiwanda hutaja upana wa kiunoni, pale ubao ulipo mwembamba kuliko kwingine kote. Chini ya vifungio, vile vinavyoshika buti juu ya ubao, ubao umepanuka kidogo: ukisimama miguu ikiwa imeachana sentimita 54 juu ya ubao ambao mkato wake wa ubavu, yaani tao la ubavuni linaloingia kiunoni, una nusu kipenyo cha mita 9, ongeza kama milimita 8. Ubao wa kawaida wa kiuno cha sentimita 25.2 unakuwa 26 chini ya mguu. Mguu wa nyuma ukiwa kwenye nyuzi 6 unachukua 29.8, kwa hiyo zinazidi sentimita 3.8, karibu 2 kila upande. Chukua sasa ubao wa kiuno cha sentimita 27 na ugeuze mguu wa nyuma hadi nyuzi 18. Mguu unachukua 28.5, ubao una 27.8, na kinachochungulia hakifiki hata milimita 4 kila upande.

Hesabu hii ina maana gani mlimani? Ubao ukiwa bapa, soli ya buti hukaa kama sentimita 3 juu ya ardhi, ukijumlisha unene wa ubao na bamba la kifungio. Ikichungulia sentimita 3, itagusa chini ubao ukifika mwinamo wa nyuzi 45. Ikichungulia 2, itagusa kwenye nyuzi 56. Ikichungulia 1, kwenye nyuzi 72. Lakini hizo ni namba za sakafuni. Theluji si sakafu. Makali huzama ndani yake. Kwa buti iliyochungulia sentimita 1, makali yakizama nusu sentimita unapoteza nyuzi 9 hivi, na yakizama sentimita nzima unapoteza 18. Hii ndiyo sababu mtu anakata kona vizuri saa mbili asubuhi kwenye theluji ngumu, halafu saa sita mchana, theluji ikishalainika, anaanguka mfululizo bila kubadilisha chochote. Buti imeanza kugusa. Na ikigusa haikupi onyo: inainua makali kutoka kwenye mfereji wake, na ubao unakutoka chini ya miguu.

Usiishie kwenye hesabu. Fanya jaribio la sakafuni:

1. Funga buti kwenye vifungio, mikanda ikiwa imekazwa kama siku ya kuteleza. Ndani ya buti ingiza miguu yako, au angalau jaza nguo ili soli isijikunje.
2. Weka ubao juu ya zulia au kadibodi, uinamishe kwenye makali ya vidole mpaka kitu cha kwanza kiguse.
3. Weka simu yenye programu ya kupimia mwinamo juu ya ubao, usome pembe.
4. Rudia upande wa kisigino.

Lenga nyuzi 65 au zaidi kila upande. Angalia pia ni nini kilichogusa. Upande wa kisigino mara nyingi si buti, ni pete ya kisigino ya kifungio au sehemu ya chini ya mgongo wake. Upande wa vidole huwa ni kikaza cha mkanda kilichoning'inia nje, au pedi ya mbele iliyovutwa kupita kiasi. Ukikuta upande mmoja nyuzi 70 na mwingine 55, sogeza kifungio kwa kutumia matundu ya kisahani cha katikati, kuelekea vidole au kisigino, hadi namba zikaribiane. Rekebisho hili halina gharama yoyote, na ni ajabu jinsi watu wengi hununua ubao mpya kabla ya kulijaribu.

Usivuke mpaka kwa upande wa pili pia. Mtu wa soli ya sentimita 27 akipanda ubao wa kiuno cha 28, vidole na visigino vyake viko mbali na makali, na kila kuinamisha ubao kunamla nguvu za kifundo. Ubao unachelewa kuhama kutoka makali hadi makali, na jioni nyayo zinauma. Ncha za buti zikiwa sawasawa na makali, au zikichungulia hadi nusu sentimita, hapo ndipo penyewe.

Ubao wenyewe

Anza na mkato wa ubavu, kwa sababu ndio unaoamua ukubwa wa kona. Nusu kipenyo cha kona ni takriban nusu kipenyo cha mkato mara kosaini ya mwinamo: mkato wa mita 10 ukiinamishwa nyuzi 60 unatoa kona ya mita 5. Kona hiyo ina kasi yake. Kwenye mwinamo wa nyuzi 45, mkato wa mita 8 unasimama sawa kwenye kilomita 27 hivi kwa saa; mkato wa mita 12 kwenye kilomita 33. Ukiwa na mkato mfupi na kasi kubwa, ubao unataka kugeuka kwa haraka kuliko mwili unavyoweza kuinama, na hapo makali huachia. Ukiwa na mkato mrefu na kasi ndogo, utaegemea ndani na kuanguka. Kwa mteremko wa upana wa kawaida, mita 9 hadi 11 zinawatosha wengi. Chini ya 8 ni ubao wa kuchezea vilima. Zaidi ya 13 unahitaji mteremko mpana na mtupu, na hayo mawili hayapatikani pamoja mara nyingi.

La pili ni urefu wa makali yanayogusa theluji, ambao ni tofauti na urefu wa ubao. Ubao wa sentimita 160 wenye pua ndefu iliyoinuka unaweza kuwa na makali mafupi kuliko wa 156 wenye pua butu. Kwa mtu wa kilo 75, tafuta sentimita 120 au zaidi. Wajapani wamelifikisha wazo hili mbali: mbao kama Gray Desperado na Moss Twister zina pua iliyokatwa karibu mraba, ili makali yaanze mbele kabisa. Zinavutia, lakini hazimsamehei mtu anayeburuza, na kwenye theluji nene pua hiyo inazama. Kwa wenye miguu mikubwa, Donek ya Colorado inatengeneza Knapton Twin, ubao mpana uliobuniwa pamoja na Ryan Knapton, anayejulikana kwa kulaza kona hadi ardhini akiwa na buti laini. Korua Shapes ya Ulaya wao wanapenda pua pana na mkia mwembamba zaidi.

Mkia mwembamba kuliko pua hukusaidia kuingia kwenye kona na kutoka humo bila kung'ang'aniwa na mkia. Milimita 5 hadi 10 za tofauti zinatosha. Kama unapenda kuteleza kinyumenyume, chagua ubao ambao pua na mkia vinalingana.

Upinde ni lazima. Weka ubao bapa mezani: katikati pawe pameinuka na uguse karibu na pua na mkia. Ukiubinya, mgandamizo unasambaa hadi ncha za makali. Ubao uliopinda kinyume, ambao katikati ndiyo inayogusa, ni mzuri kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza na kwa theluji laini. Kwenye kona ya kukata ncha zake zinaelea. Aina za mchanganyiko, upinde chini ya miguu na pua iliyoinuka mapema kidogo, zinakubalika.

Kuhusu ugumu, wanaoanza hukosea kwa kununua ubao mgumu mno. Ubao lazima unepe chini ya uzito wako ili ujikunje kuwa tao. Usiponepa, unabaki kuwa reli iliyonyooka. Kile kinachotakiwa kuwa kigumu ni ukinzani dhidi ya kusokotwa, yaani pua na mkia visijipinde tofauti na katikati. Shika pua na mkia, sokota kama unakamua nguo: ubao usijipinde sana. Kwa mizani ya 1 hadi 10 inayotumiwa na viwanda, 6 au 7 ni mahali pazuri, ukijua kwamba 7 ya kiwanda kimoja ni 5 ya kingine. Mbao zenye tabaka la titanal, aloi ya alumini, hutulia sana kwenye barafu na hazitetemeki ovyo. Zina bei kubwa, na zikipinda kwa ajali hubaki zimepinda.

Kufunga vifungio

Utahitaji bisibisi ya msalaba namba 3. Bisibisi ndogo inakula vichwa vya skrubu.

Weka miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, kati ya sentimita 50 na 56. Ukiiachanisha zaidi magoti hayawezi kwenda upande mmoja. Anza na kifungio cha mbele kwenye nyuzi 27 na cha nyuma kwenye nyuzi 12, vyote vikielekea pua. Mtindo wa bata, mguu wa nyuma ukielekea mkia, unaweza kukata kona, na wapo wanaoukata vizuri sana, lakini kwenye upande wa kisigino unayagombanisha magoti mawili. Baada ya siku chache unaweza kupanda hadi 36 na 24. Zaidi ya 45 buti laini hazina msaada: mgongo wa kifungio hausukumi tena makali ya kisigino, unasukuma mkia.

Kila ukibadilisha pembe, legeza skrubu mbili za ubavuni na uzungushe mgongo wa kifungio hadi ulingane na makali ya kisigino. Kisha uinamishe mbele, hatua moja au mbili kwa mguu wa mbele, na zaidi kidogo kwa wa nyuma. Mwinamo huo ndio unaoinua vidole na kubonyeza kisigino bila wewe kukaa chini. Ukizidisha, mapaja yatawaka moto kabla ya lifti ya tatu.

Ndani ya buti, vidole viguse kidogo mwisho ukisimama wima na virudi ukipiga magoti. Kisigino kisiinuke zaidi ya nusu sentimita. Kaza zaidi sehemu ya kifundo kuliko ya juu, ili ugoko uweze kusukuma ulimi wa buti.

Makali

Ubao mpya huwa haujanolewa kwa kazi hii. Unahitaji tupa, kishikizo cha pembe, jiwe la almasi la namba 400 hivi na kalamu ya wino mzito.

Paka wino kwenye makali yote. Weka kishikizo cha nyuzi 88 ubavuni, vuta tupa kutoka pua kwenda mkia kwa mikono miwili, kwa mwendo mrefu usiokatika. Wino ukiisha kote, acha. Ukibaki mahali, tupa haijafika hapo, au ukuta wa plastiki juu ya chuma unaizuia na lazima upunguzwe. Maliza kwa jiwe la almasi lililoloweshwa, kisha pitisha jiwe la mpira mara moja, taratibu, kuondoa nywele za chuma. Uso wa chini wa makali uwe umeinuliwa nusu hadi digrii moja. Kazi hiyo mwachie fundi, kwa sababu ukikosea, uso wote wa chini lazima usagwe upya. Butua makali sentimita 2 au 3 tu nje ya pale yanapoanza kugusa theluji. Kipimo cha ukali ni ukucha: uvute mgongo wa ukucha juu ya makali, unga mweupe ukitoka inatosha. Kidole kiache.

Nta paka kila siku tatu nne. Ukirudi futa makali kwa kitambaa kikavu, usiuache ubao ndani ya mfuko uliolowa. Kutu huanza usiku huohuo.

Mteremko na saa yake

Nenda mapema, mara lifti zinapofunguliwa, kwenye mteremko wa bluu uliopitiwa na mtambo wa kusawazisha theluji usiku na ambao michirizi yake bado haijavunjwa. Theluji iwe ngumu kiasi cha kushika, si barafu inayong'aa. Mteremko mpole unatosha kabisa. Kwenye mkali utaogopa, na mtu akiogopa huburuza. Ukumbi wa ndani pia unafaa kwa mazoezi ya mwanzo: Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina njia yenye urefu wa mita 400, na theluji yake haibadiliki na msimu. Barani Afrika, Afriski ya Lesotho hupokea watelezaji kuanzia Juni hadi Agosti, wakati Alpi ni kiangazi.

Kuna hatari moja ya kukata kona ambayo kuburuza hakuna. Kona iliyokatwa inavuka mteremko mzima kutoka ukingo hadi ukingo, na mwisho wake inapanda juu. Anayekuja nyuma yako anatarajia ushuke. Kanuni za FIS, shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye theluji, zinampa kipaumbele aliye chini, lakini kanuni ya tano inakutaka uangalie juu na chini kabla ya kuanza, kuingia mteremkoni au kupanda kuelekea juu. Kwa hiyo tazama nyuma ya bega kabla ya kila kona ya upande wa kisigino, hasa wewe unayeupa mgongo mteremko. Helmeti vaa. Watu wakijaa, rudi kwenye kona ndogo au nenda ukanywe chai.

Mazoezi kwa mpangilio

1. Mkingamo. Simama ukikingama mteremko mpole, ubao ukiwa kwenye makali ya vidole, uinamishe nyuzi 20 au 30, ujiachie. Usizungushe chochote. Ubao utakwenda mbele, kisha utapinda wenyewe kuelekea juu na kusimama. Rudi utazame mstari. Ukiwa mwembamba mwanzo hadi mwisho, fanya upande wa kisigino. Hapa unajifunza kitu kimoja tu: kuuamini ubao ugeuke wenyewe.

2. Nusu kona. Elekeza pua chini moja kwa moja, hesabu hadi tatu, kisha inamisha ubao polepole na usubiri. Usikimbilie kumaliza. Kona imekamilika pale ubao unapopanda mlima na kuisha mwendo. Wengi hukata tamaa katikati na kusukuma mguu wa nyuma. Ukiona alama imepanuka kuanzia katikati, ni hilo.

3. Kuunganisha. Hapa ndipo kona inapozaliwa au kuharibika. Ubao ukiwa unavuka mteremko, ulaze bapa kwa kitambo kidogo, kisha uupandishe kwenye makali mapya kabla pua haijaelekea chini. Kwa sekunde moja utakuwa umeegemea upande wa bondeni, na mwili mzima utakataa. Ukisubiri pua ielekee chini ndipo ubadilishe makali, utakuwa umechelewa: kasi imezidi, na nusu ya mwisho ya kona itabeba kazi ya kona nzima. Makali kwanza, mgandamizo baadaye.

4. Kuinamisha zaidi. Ongeza nyuzi chache kila siku, si kila kona. Kwenye nyuzi 45 miguu inabeba uzito wako mara 1.4, kwenye nyuzi 60 inabeba mara 2. Mtu wa kilo 80 anakuwa wa kilo 160 kwa sekunde moja au mbili, na mguu ulionyooka kabisa au uliokunjwa sana hauwezi kuhimili.

Upande wa vidole, sukuma magoti yote mawili kuelekea theluji na nyonga iyafuate, huku kifua kikibaki juu. Ugoko uusikie ukiegemea ulimi wa buti. Ukiinamia theluji kwa kiuno ili mkono uiguse, nyonga hurudi nje, uzito huondoka kwenye makali, na ubao hunyanyuka. Picha inapendeza, kona imekufa.

Upande wa kisigino ndio unaowatesa watu, na sababu ni ya kimaumbile: kifundo hakijikunji kwa nyuma, kwa hiyo mwili hutafuta kukaa kama kwenye choo cha kukalia, makalio nje na miguu imenyooka. Fanya hivi. Geuza kifua na nyonga kuelekea pua, mkono wa nyuma uulete mbele juu ya makali ya vidole. Vuta vidole vya miguu juu ndani ya buti. Kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka, na goti la nyuma lisukume kuelekea la mbele. Macho yatazame mwisho wa kona, bega la mbele likiongoza. Hapa ndipo zile nyuzi 27 na 12 zinapolipa: ukiwa umesimama kwa mtindo wa bata, nyonga haifiki huko kwa urahisi.

Ikiharibika

Ubao ukitetemeka na kurukaruka mwishoni mwa kona ya kisigino, kwanza ni mgandamizo uliochelewa. Rudi kwenye zoezi la tatu. Pili ni miguu iliyonyooka, kwa hiyo haina cha kunyonya mitikisiko. Tatu ni makali butu. Kama yote ni sawa, ubao wako unajisokota mno.

Mkia ukichomoka ghafla, umeusukuma, au aliyenoa alibutua makali ya mkiani kupita kiasi. Ukianguka ndani ya kona huku ubao ukiwa karibu bapa, umeinamisha mwili bila kuinamisha ubao. Punguza kuegemea, ongeza magoti na vifundo.

Ukianguka bila kujua kwa nini, rudi juu utafute alama. Kando ya mstari mwembamba kukiwa na kovu fupi la pili, au mashimo mawili yaliyoachana kama miguu yako, buti imegusa. Rudi kwenye rula: ongeza nyuzi za mguu wa nyuma, sawazisha kifungio, na kama haitoshi, ubao ni mwembamba.

Nyayo zikikaza na kuuma, legeza mkanda wa vidole. Nguvu ya kuinamisha ubao hutoka kwenye mkanda wa kifundo; wa vidole ni wa kushikilia tu.

Mkono utagusa theluji siku moja wenyewe, kwa sababu umeinama vya kutosha, na si kwa sababu umeunyoosha. Ukigusa, uache upite juu juu, ngumi ikiwa imekunjwa. Ukiegemea kiganja kilichofunguka, kifundo cha mkono ndicho kitakachovunjika. Glavu za kitambaa hazidumu kwa mchezo huu, nunua za ngozi.